Shahidi wa Theluji Kutoka Muheza

Msiniulize nilifikaje Hapahapa. Mtu aliyefanya kazi ya maktaba miaka thelathini na moja, akastaafu na magoti mabovu, ana haki ya kujikuta mahali bila kutoa maelezo. Nilifika, nikakaribishwa, nikaandikwa kwenye daftari la wageni. Pale panapoandikwa nchi ya mgeni, karani alishaandika "Ng'ambo" kabla sijafungua kinywa.

Nikamwambia natoka Muheza.

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo hiyohiyo, mzee."

Baadaye nilielewa kwamba Wahapahapa wanazijua nchi mbili tu duniani, yao na Ng'ambo. Ng'ambo kuna baridi ya kuua na jua la kuua, watu wake ni warefu sana na wafupi sana, wanakula nyama mbichi na nyama hawaigusi. Mambo hayo yote wamefundishwa shuleni na hakuna anayeona tatizo. Si watu wabaya, nisije nikaeleweka vibaya. Nilikula kwao wali wa nazi ambao sijaupata kwingine, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitaondoka lini. Mgeni wanampenda. Wanachokiogopa ni kitabu chake.

Siku ya pili nilikwenda Maktaba Kuu, maana ng'ombe mzee hasahau zizi. Jengo zuri, sakafu inang'aa, vitabu mpaka darini. Rafu ya Ng'ambo ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Nikakaa kwenye benchi nikasoma vitabu vinne, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilisemwa kimetoka nchi ya milima, cha pili visiwani, cha tatu kwenye nyika, cha nne sikumbuki. Katika vyote vinne mbuzi wa jirani alikula mahindi, wazee wakaitwa, mwenye mbuzi akaomba radhi, na mwisho kukawa na harusi.

Nikamuuliza mtunza maktaba imekuwaje Ng'ambo nzima ina mbuzi mmoja.

"Vimepewa uenyeji," akasema, kifua mbele. Akanieleza kwamba kila kitabu cha nje hupitia Ofisi ya Uenyeji. Huko hutolewa kila jambo ambalo msomaji wa Hapahapa hajawahi kukutana nalo, na mahali pake huwekwa jambo analolijua. "Tunafanya hivyo msomaji asije akakwama."

"Na huyu mbuzi, mwanzo alikuwa nini?"

Akafungua jalada. Katika kitabu cha kwanza mbuzi alikuwa vita vya miaka saba. Katika cha pili alikuwa mtu aliyempenda mke wa kaka yake. Katika cha tatu alikuwa tetemeko la ardhi.

"Na cha nne?"

"Cha nne alikuwa mbuzi kweli," akasema. "Hicho kilipita kwa siku moja."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, na sababu ninaijua. Kule Muheza, vitabu vilivyotafsiriwa niliviweka rafu ya juu kabisa, ile isiyofikika bila kigoda, na kigoda nilikikalia mimi. Kijana akinyoosha kidole huko juu nilimwambia, "Hicho hutakielewa, ni mambo ya wenzetu." Hakuna sheria iliyonituma. Nilifanya kwa akili zangu mwenyewe, miaka thelathini na moja.

Nilipotoka nilipita kwenye ua mkubwa uliojaa watu. Walikuwa wameketi kwenye mikeka na chupa za chai, na mbele yao bwana mmoja aliyenyong'onyea alikuwa akisoma kitabu kwa sauti. Nikamuuliza mtu wa pembeni pale ni wapi. Akaniambia ni Ua wa Kukatalia. Sheria ya Hapahapa inasema kitabu cha nje kikikataliwa, lazima kisomwe hadharani, kuanzia jina la mwandishi na nchi yake mpaka neno la mwisho, ili mwananchi ajue amekingwa na nini. Anayekisoma ni yule aliyekataa kibadilishwe ili kipewe uenyeji, na hiyo ndiyo adhabu yake. Kikiisha, kitabu kinafungiwa ghalani na ufunguo unakaa kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uenyeji.

"Kwa hiyo ni adhabu?" nikauliza.

"Adhabu kubwa," akasema. "Sogea kidogo nione vizuri."

Nilipangiwa kulala kwa mama mmoja aitwaye Bi Arafa, mfasiri, mjane, mwembamba, mwenye wino kwenye vidole. Mlangoni kwake palikuwa na kandambili kubwa za kiume, zimewekwa sawasawa, ncha zikitazama njiani. Nikajua nyumba ina mwanamume, nikaketi nikisubiri kutambulishwa. Hakuja mwanamume yeyote. Alikuja binti wa miaka kumi na sita, akanishika mkono, akainama kidogo, akaniwekea chai na kuondoka bila neno.

"Msamehe, kaka," Bi Arafa akaniambia. "Huyo ni Tunu. Hasemi. Ni mwezi wa kumi na nne huu."

Tunu alikuwa na pacha wake, Kombo. Homa ilimchukua kwa siku nne. Watu walikuja, wakapika, wakalia, arobaini ikapita, wakarudi makwao kama inavyotakiwa. Tangu hapo wakipita wanasema, mbona msiba ulishaisha. Waganga wa majani na wa vidonge wote wameletwa. Binti anakula, anafua, anateka maji, lakini sauti imekwenda na nduguye.

"Na hizo kandambili?"

"Za Kombo. Kila jioni anazitoa nje, asubuhi anaziingiza. Mimi sijamuuliza, na wala sitamuuliza."

Akanionyesha bunda la karatasi. Ujanani alijifunza lugha moja ya Ng'ambo kwa daktari mgeni aliyekaa mtaani kwao miaka sita, na daktari alipoondoka alimwachia kitabu kimoja. Kinaitwa Buti Mlangoni. Kimeandikwa na mwanamke anayeitwa Jorsna Vlemk, na kinamhusu msichana wa nchi ya baridi ambaye kaka yake alizama ziwani pale barafu ilipopasuka, naye akaacha kusema. Bi Arafa alianza kukitafsiri kabla ya msiba. Kombo alipokufa akaona hakiwezi, akakitupa chini ya kitanda.

"Siku moja namkuta Tunu jikoni, amekaa na kurasa zangu, sufuria inaungua hana habari. Zilikuwa kurasa arobaini tu. Alipozimaliza akainuka, kaka, akanipa kalamu. Hakusema kitu. Alinipa kalamu, akakaa mbele yangu akingoja."

Basi mama mtu akatafsiri mpaka mwisho, miezi minane, na binti akazipokea kurasa zote moja baada ya nyingine, akazilaza chini ya mto. Sasa kesho kutwa Kamati ya Uenyeji ingekaa. Kikipita, kitachapishwa na Tunu atakuwa nacho. Kisipopita, karatasi zile, na kitabu cha daktari pia, vitafungiwa ghalani.

"Nikinyang'anywa mimi si kitu," akasema Bi Arafa. "Akinyang'anywa yeye, sijui nitambakisha na nini."

Siku ya kikao niliamkia kuitwa mimi. Kila jalada linahitaji Shahidi wa Ng'ambo, mtu wa kuthibitisha mambo ya huko, na wiki ile mtu wa Ng'ambo nilikuwa peke yangu.

Kamati ilikaa kwenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ngwali, mtu mzito, mpole, mwenye kofia safi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Karibu naye alikaa Afisa Uenyeji, Bwana Mshangama, na penseli sita zilizochongwa. Huyu ndiye aliyemtia yule mbuzi kwenye vitabu vyote. Wajumbe wengine walikuwa wanne. Katika wote hao hakuna aliyejua lugha yoyote ya nje, na hilo lilihesabiwa kuwa sifa, maana hawawezi kushawishika.

"Shahidi," akaanza Mwenyekiti, "theluji ikoje?"

"Mheshimiwa, mimi natoka Muheza."

"Muheza iko Hapahapa?"

"Hapana."

"Basi iko Ng'ambo. Theluji ikoje?"

Nikasema nimesikia ni nyeupe na baridi. Karani akaandika kwamba shahidi amethibitisha.

Swali la pili lilikuwa la umri. Hapahapa kitabu cha vijana lazima kiwe na funzo, nalo lichapwe kwenye jalada la kitabu ili kijana asipoteze muda kulitafuta ndani. Cha watu wazima hakihitaji funzo, lakini mtu mzima akikutwa na cha vijana anaandikiwa barua ya onyo. Mwenyekiti akauliza hiki ni cha nani.

"Ni cha mtu aliyefiwa," akasema Bi Arafa.

Wajumbe wakanong'onezana. Aina hiyo haikuwemo kwenye fomu.

Ndipo Bwana Mshangama akasimama na marekebisho yake. Nitasema kweli, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Theluji aliifanya ukungu. Mjumbe mmoja akauliza mtu anazamaje kwenye ukungu, akajibiwa kwamba hatazama, atatumbukia shimoni kwa kuwa haoni mbele. Mjumbe wa pili akasema kama kuna shimo, basi ziwa halina kazi. Ziwa likafutwa. Wa tatu akauliza huyo kijana alikuwa anakwenda wapi kwenye ukungu, wakajadiliana kwa nusu saa, wakaona kwamba lazima alikuwa anamtafuta mbuzi.

Bi Arafa alikuwa amefumba macho. Tunu, kwenye benchi nyuma yetu, aliwatazama wote bila kupepesa.

"Na huu ukimya," akaendelea Mshangama, "mwaka mzima, hauwezekani. Hapahapa tuna majirani. Nimemfanya aseme siku ya tatu. Tena, Mheshimiwa, nauliza kwa nia njema. Najua mama huyu amefiwa. Lakini mtoto wake alikufa kwa homa, na huyu wa kitabuni kwa barafu. Binti atajifunza nini kwenye barafu, wakati yeye tatizo lake ni homa?"

Hapo nilitaka kumjibu maneno makali, nikajizuia. Ndilo swali nililowauliza watoto wa Muheza miaka yote.

"Halafu kuna jambo hili," Mshangama akasema, akafungua ukurasa na kuusoma kwa sauti ya ofisini. "'Niliziweka buti zake mlangoni kila jioni. Nilijua harudi. Nilitaka tu anayepita aone kwamba nyumba hii ina watoto wawili.'" Akafunga. "Hili linatoka lote. Halina mfano kwetu."

Mwenyekiti Ngwali akanyoosha mkono. Akaomba ule ukurasa, akausoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza lililo nje ya meza, "Ni kweli halina mfano? Sheria inasema likitajwa jambo ambalo Mhapahapa mmoja tu amewahi kulifanya, haliwi geni. Kuna mtu hapa aliyewahi kuweka viatu vya marehemu mlangoni?"

Tunu akasimama.

Bi Arafa akasema kwamba binti yake anafanya hivyo kila jioni, tena alianza kabla ya yeye kuufikia ukurasa ule. Mimi nikasema nimeziona zile kandambili kwa macho yangu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilishuhudia jambo ninalolijua.

Furaha iliyoingia chumbani mle, ungedhani ni harusi. Wajumbe walipeana mikono. Mshangama alikuwa wa kwanza kuliona lililofuata, na machozi yalimlenga kwa msisimko. Ikiwa jambo lenyewe ni la Mhapahapa, akasema, basi kitabu hiki hakikutoka Ng'ambo hata kidogo. Ni cha Tunu. Ng'ambo wamekipataje, hilo watajibu wao. Jina la yule mwanamke lifutwe, liandikwe la binti. Buti ziwe kandambili, barafu iwe homa, na mbuzi, kwa heshima ya marehemu, aondolewe. Kichapishwe mwezi huu, kiingie shuleni.

Nilimtazama Bi Arafa. Hata mbuzi ameondolewa! Binti yake angekuwa na kitabu mkononi, na jina lake juu. Nani angemlaumu? Aligeuka akamtazama mwanawe, akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Limebaki moja," akasema Mwenyekiti. "Sheria haikubali ishara. Mwanangu, lazima useme kwa mdomo wako. Sema, 'Ni changu.' Maneno mawili tu, tumalize."

Tukangoja. Mjumbe mmoja akakohoa, akatazamwa, akaacha. Tunu alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akameza mate, akajaribu tena. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito na yenye kukwaruza, kama mlango wa ghala lililofungwa miaka.

"Si changu."

Bi Arafa alitoa mlio mdogo, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Kikiwa changu nabaki peke yangu," Tunu akasema. Alisema taratibu, kila neno akilitafuta. "Mimi nilidhani nina wazimu. Kila jioni nilikuwa nasema, leo ndiyo mwisho, sizitoi. Halafu mama akaniletea huyu dada. Yuko mbali, kwao maji yanaganda, hanijui, hamjui Kombo. Na amefanya hivyohivyo. Mkimtoa, mkaniweka mimi, basi nani tena amefanya? Ni mimi tu. Narudi palepale."

"Lakini, mwanangu, kitafungiwa," akasema Mwenyekiti. "Umeelewa? Hutakiona tena."

"Nimeelewa, babu. Muacheni na jina lake. Na barafu yake."

Mshangama akaketi. Alionekana kama mtu aliyekataliwa zawadi aliyokuwa anampa mwingine. Mzee Ngwali alikaa na muhuri mkononi muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akagonga. Kitabu kimekataliwa kwa kuwa na mgeni ndani yake. Karani akaongeza, kwa kufuata fomu, kwamba aliyekataa uenyeji atakisoma mwenyewe kwenye Ua wa Kukatalia, kuanzia kesho, mpaka kiishe.

Mle ndani watu walishakusanya karatasi zao na hakuna aliyelipima hilo. Tulipokuwa njiani nilimuuliza Bi Arafa kama binti alikuwa ameufikiria Ua wa Kukatalia tangu mwanzo. Alikuwa analia na kucheka, hakunisikia. "Amesema, kaka," ndilo alilokuwa akirudia. "Umemsikia? Amesema."

Tunu alisoma siku tisa. Siku ya kwanza walikuja watu thelathini. Akasimama mbele na lile bunda, na kama sheria inavyotaka akaanza na jina la mwandishi na nchi yake.

"Nani?" akauliza bibi mmoja kutoka mkekani.

"Jorsna Vlemk," Tunu akarudia.

Bibi akalijaribu, likamshinda, akalijaribu tena. Tunu akamngoja mpaka akaliweza. Ndipo akaendelea.

Siku ya nne ua haukuwa na nafasi. Alipofika pale barafu ilipopasuka, mtu mmoja, fundi wa matofali, pande la mtu, aliinamisha kichwa magotini na hakukiinua mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza barafu ni nini. Mimi, shahidi rasmi wa theluji, nilikaa pale nikijiandaa kuulizwa, na hakuna aliyenihitaji. Siku ya saba niligeuka nikamwona Mzee Ngwali amesimama nyuma kabisa karibu na lango, bila kofia yake.

Siku ya tisa kitabu kikaisha. Karani akazichukua karatasi kutoka mikononi mwa Tunu, akazifunga kamba pamoja na kile kitabu cha daktari, vikaenda ghalani. Tunu aliitazama ile kamba mpaka ilipopinda kona. Sitasema hakuumia. Mikono yake ilibaki imenyooka vilevile, kama bado imeshika kitu.

Jioni ile tulirudi kwa miguu, watu watatu, polepole kwa ajili ya magoti yangu. Sikuona kitu mpaka tulipofika mtaa wa pili. Mlangoni kwa fundi matofali palikuwa na viatu vya mtoto, vidogo, vya buluu, ncha zikitazama njiani. Nyumba iliyofuata, makubazi ya mzee. Nyumba ya mbele yake, viatu vya shule. Nilihesabu milango kumi na moja, nikaacha kuhesabu. Kwa Mzee Ngwali palikuwa na viatu vya kike vyeusi vilivyopigwa rangi upya, na taa ya barazani imewashwa ingawa jua lilikuwa halijazama.

Bwana Mshangama tulimkuta katikati ya njia, daftari mkononi, akikimbia huku na huku. Aliponiona akanieleza kwamba amegundua jambo kubwa, desturi ya kale ya Wahapahapa ya kuweka viatu vya marehemu mlangoni, na kwamba haijapata kuandikwa.

Yule bibi wa mkekani alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti chake, akipanga buti kuukuu za mgambo. Hakuinua kichwa.

"Hiyo desturi ni ya yule dada wa kwenye barafu, mwanangu," akasema. "Jorsna Vlemk. Andika jina lake."

Mshangama akasimama na penseli yake hewani. Alimtazama bibi, akamtazama Tunu, akatazama ile milango. Kisha akanisogelea, na kwa sauti ya chini, kwa kuwa mimi ni mtu wa Ng'ambo, akaniuliza jina hilo linaandikwaje.